Mnaenda Kutembea kwa Nani

Mwaka aliofariki binti yetu, mume wangu alianza kutafuta tiketi za ndege za bei nafuu kwenda Ulaya.

Hakuanza siku ileile. Matanga yalipita kwanza, na mvua za masika zikaisha. Binti yetu alikuwa darasa la sita na alikuwa mtoto wetu wa pekee. Malaria ilimpanda kichwani, akatutoka kabla hatujaelewa kwamba anaumwa sana. Tulimzika kwetu Mgeta, juu milimani, kwa kuwa kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mume wangu, ambaye kwao ni mbali, upande wa ziwa, hakubisha. Alibeba jeneza pamoja na kaka zangu kwenye njia ile nyembamba inayopita kando ya matuta ya kabichi, akatupa udongo wake, akashuka mlima. Jumatatu alikuwa kazini chuoni. Mimi nilirudi shuleni kufundisha jiografia.

Sikulia sana. Watu walilisema hilo, na wengine walilisema nikiwa nasikia. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu ulioukalia vibaya, ila yangu ilikuwa ya mwili mzima. Niliweza kupika, kusahihisha madaftari na kujibu salamu. Nikiguswa nilijua kwamba nimeguswa, basi.

Jambo moja tulilolibadilisha bila kukubaliana ni namna ya kuitana. Tangu binti yetu azaliwe, mume wangu alikuwa akiniita mama wa mtoto huyo kwa jina lake, nami nikimwita baba yake, kama watu wote wanavyofanya. Baada ya mazishi tuliacha. Yeye akaanza kuniita Mwalimu. Mimi sikumwita kitu. Nikimhitaji nilikwenda chumba alichokuwapo, nikasimama mpaka ageuke.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria. Sabuni zilirudi madukani, zikaja na nguo za mitumba, redio na baiskeli za kila aina. Fedha za kigeni, ambazo zamani ukikutwa nazo unaitwa polisi, sasa zilibadilishwa dukani mchana kweupe, na bei ya siku imeandikwa kwenye ubao. Kila mfanyakazi wa serikali Morogoro alikuwa na mradi. Wahadhiri walifuga kuku nyuma ya nyumba za chuo, mwingine alifungua mashine ya kusaga, mwingine baa. Mume wangu alikuwa mtaalamu wa udongo. Wafadhili walimpa kazi ya kupima mashamba ya mpunga kule Turiani, wakamlipa vizuri kuliko alivyowahi kulipwa. Watu wote walijua kwamba atanunua pikapu. Hata mimi nilijua hivyo.

Siku moja tukiwa tunakula chakula cha mchana alisema, "Mwalimu, nafikiria twende Ulaya."

"Kufanya nini?"

"Likizo. Kutembea tu."

"Sawa," nikasema, nikaendelea kula.

Nadhani alikuwa amejiandaa kunishawishi na maneno yakambakia mdomoni. Alikuwa amesoma Ulaya kaskazini alipokuwa kijana, lakini hakuona kitu huko isipokuwa maabara na bweni. Alisema wazungu wanaokuja kwetu hawaji kusoma wala kutibiwa, wanakuja kutazama milima, na sisi pia tuna macho. Nikamwambia sawa mara ya pili.

Tangu siku hiyo alikuwa na shughuli. Kila Jumamosi alipanda basi la asubuhi pale Msamvu kwenda Dar es Salaam, akazunguka kwenye ofisi za mawakala wa ndege. Zilikuwa zimechipuka mjini kama uyoga, nyingi ghorofani, na picha za minara na theluji zimebandikwa kwenye vioo. Jioni alirudi na karatasi za rangi chini ya kwapa, akazitandaza mezani, akanieleza. Nauli ya ndege inayokwenda moja kwa moja haishikiki. Ndege inayozunguka ni nafuu, na kadiri inavyozunguka ndivyo bei inavyoshuka. Desemba ni ghali kwa sababu ya Krismasi, Julai ni ghali kwa sababu wazungu wako likizo, lakini Novemba hakuna anayetaka kwenda, kwa hiyo Novemba wanakupa kwa bei ya kutupa. Tiketi usiyoweza kuibadilisha tarehe ni nafuu kuliko ile unayoweza. Na kiti kilekile, ndege ileile, wakala wa ghorofa ya chini anakuuzia bei hii na wa ghorofa ya juu bei nyingine.

"Kwa nini?" niliuliza mara moja, kwa sababu niliona anasubiri niulize.

"Ndiyo soko," akasema, na uso wake ukachangamka. Alizungumza juu ya nauli kama alivyozungumza juu ya udongo, tabaka kwa tabaka. Katikati ya wiki alikwenda posta kuwapigia mawakala simu, akasimama kwenye kibanda cha simu mpaka shati likalowa jasho, akauliza kama bei imeshuka.

Jumamosi moja alinichukua twende wote. Wakala wake alikuwa dada mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliposikia mlango alisema bila kuinua kichwa, "Mwalimu wa udongo, Addis Ababa wamepandisha. Jaribu Cairo." Kisha akaniona. "Shikamoo mama. Kumbe unaye mwenzio. Mnakwenda masomoni?"

"Hapana," alisema mume wangu.

"Biashara?"

"Likizo."

"Mmeshachagua mji?"

Mume wangu alinigeukia. Lilikuwa jambo aliloniachia mimi, na nilikuwa nimelikwepa kwa wiki kadhaa. Kule nyumbani alikuwa akinisogezea karatasi, Paris, Roma, Athene, akisema chagua, nami nikisema popote. "Popote hapauzwi tiketi," aliniambia siku moja, bila hasira. Sasa walikuwa wananingoja wote wawili. Nikasema Uholanzi.

"Amsterdam?" dada aliuliza.

"Pale penye ardhi iliyotolewa baharini."

Hakuna aliyecheka. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeichora Uholanzi ubaoni. Bahari upande mmoja, katikati tuta, na upande wa pili mashamba yaliyo chini kuliko bahari yenyewe. Ilikuwa kwenye mtaala wa kidato cha pili, wanafunzi waliikariri na mitihani iliiuliza. Sikuipenda wala kuichukia. Ilikuwa sehemu pekee ya Ulaya niliyoifahamu kiasi cha kutohitaji kuifikiria.

Dada alipekua makabrasha yake, akapata njia. Ndege ya Ulaya Mashariki, tarehe zisizobadilishwa, na kutwa nzima ya kungoja katika mji wa katikati. Mume wangu alisoma ile bei, akavua miwani, akaisafisha, akaisoma tena. Sikuwa nimemwona akifurahi hivyo tangu masika.

Kabla ya safari tulipanda Mgeta kuaga. Mama yangu alikuwa shambani akichuma njegere. Alipangusa mikono kwenye khanga, akapokea shikamoo zetu, akasikiliza.

"Ulaya," alisema. "Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama. Tunakwenda kutembea."

"Mnakwenda kutembea kwa nani?"

Nilimwangalia mume wangu ajibu, naye aliangalia njegere. Kwetu mtu hutembea kwa mtu. Kwa shangazi, kwa kaka aliyehamia mjini, kwa rafiki aliyejifungua.

"Si kwa mtu," nikasema. "Tunakwenda kupaona."

"Hakuna anayewangoja huko?"

"Hakuna."

Mama akamgeukia mume wangu, "Baba, usimwache peke yake huko." Mume wangu aliitikia. Tuliposhuka tulipita kaburini tukang'oa majani, hatukukaa.

Zamani zile kila nchi ya Ulaya ilikuwa na viza yake, na ubalozi wa Uholanzi ulitaka twende wenyewe kuhojiwa. Aliyetuhoji alikuwa mama wa Kitanzania wa rika langu, amekaa nyuma ya kioo chenye tundu. Alitukaribisha vizuri. Aliuliza kuhusu kazi zetu, barua za waajiri, nyumba. Alieleza kwamba wakubwa wake wanachotaka kujua ni kitu kimoja, kwamba tutarudi. Wanataka kuona kinachotuvuta nyumbani. Kisha akauliza, "Mna watoto?"

"Mmoja," alisema mume wangu.

"Hatuna," nilisema mimi.

Tulisema kwa pamoja. Yule mama aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Mmoja, au hamna?"

"Tulikuwa naye," nikasema. "Alifariki mwezi wa nne."

"Poleni sana." Nyuma yetu watu walikuwa wakikohoa na kugeuza karatasi. "Poleni, jamani. Sasa niandike nini?"

Nilingoja mume wangu aseme. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anatazama lile tundu la kioo. Nikasema, "Andika hakuna."

Akaandika. Aliandika polepole, akaomba tukae.

Viza tulipata. Sijui kama ni kwa sababu ya barua ya chuo au ni kwa huruma ya yule mama. Tulipanda basi la kurudi, likapita Chalinze. Ndipo mume wangu, akiwa anatazama dirishani, aliposema, "Ungeniachia nijibu mimi."

"Wangetaka cheti cha kuzaliwa."

"Kipo," alisema. "Cheti chake kipo."

Nilijua kwamba nimemuumiza, na nilijua kama unavyojua kwamba nje kuna mvua, ukiwa ndani.

Tulisafiri Novemba, shule zikiwa kwenye mitihani ya mwisho. Ndege ilikuwa kuukuu lakini ilikwenda. Ule mji wa katikati tuliufikia asubuhi, tukakaa kwenye ukumbi wa kungojea wenye taa hafifu na viti vya chuma. Karibu nusu ya abiria walikuwa Waafrika kama sisi, wanafunzi wengi, na wote walikuwa wamepita njia ya mzunguko kama sisi. Mume wangu alikuwa na furaha. Alizungumza na kila mtu aliyekaa karibu. Alimweleza kijana mmoja wa Zambia, mwanafunzi wa uinjinia, jinsi alivyowalinganisha mawakala miezi mingi, jinsi Novemba inavyoshinda miezi yote, jinsi alivyopata bei ile. Alitaja bei.

Kijana alitabasamu kwa adabu. "Mzee, mimi nimelipa chini ya hapo," alisema kwa Kiingereza. "Nilinunua wiki iliyopita. Walikuwa wanamaliza viti."

"Ndege hiihii?"

"Hiihii."

Mume wangu alisema kwamba huo ni ununuzi mzuri. Nilimpa mkate tuliobeba, akaushika mkononi mpaka tulipoitwa kupanda ndege ya pili. Nilidhani amechoka.

Uholanzi tulipanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, kwenye mji mdogo, kwa sababu hoteli za mji mkubwa tusingeziweza. Kesho yake tulipanda basi hadi kwenye tuta. Tulitembea juu yake tumevaa makoti ya mitumba tuliyonunua Morogoro, upepo ukitupiga ubavuni na mume wangu akipiga picha. Palikuwa kama nilivyopachora. Bahari upande mmoja, ya kijivu. Upande wa pili, chini, mashamba yamenyooka mpaka macho yanapochoka, na mifereji iliyonyooka kama imepigwa rula. Hapakuwa na kilima chochote. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo ukitoka nje lazima ama upande ama ushuke, sikuwahi kusimama mahali pasipo na mlima upande wowote. Nilingoja nijisikie kitu. Masikio yaliuma kwa baridi.

Mzungu mmoja mzee alishuka kwenye baiskeli akatuuliza kama tumepotea. Mume wangu ndiye aliyezoea kujibu watu, lakini hakujibu. Nikasema hatujapotea, tunaangalia.

"Hapa hakuna cha kuangalia," alisema yule mzee. "Nendeni Amsterdam. Kuna makumbusho."

Nikamshukuru. Alipoondoka nikageuka, nikaona mume wangu ameketi kwenye majani yaliyolowa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Nikamwambia ainuke, atapata homa. Aliinuka. Tukarudi chumbani, akavua viatu, akajilaza akiwa na koti, na hakuamka.

Sisemi kwamba alilala usingizi. Macho yalikuwa wazi. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Hakutaka chakula. Hakutaka Amsterdam wala karatasi za rangi alizobeba kutoka Dar es Salaam. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha na polepole nikaelewa kitu ambacho mtu mwingine angekielewa mapema. Tangu masika yaishe mume wangu alikuwa na jambo la kutafuta. Kila Jumamosi alikuwa na basi la kuwahi na bei ya kuulizia. Sasa tiketi ilikuwa imepatikana na imetumika, tumefika, na mbele yetu hapakuwa na kitu kingine cha kutafuta.

Nikaanza kutoka peke yangu. Nilikwenda dukani nikaonyesha kwa kidole mkate, maziwa, mayai. Nilipotea nikauliza njia. Mwenye nyumba aliniona nikipanda ngazi na mfuko, akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia anaumwa. Akauliza anaumwa nini, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa kifupi, nikasema, "Binti yetu amekufa." Nilikuwa sijawahi kusema hivyo kwa lugha yoyote. Kwa Kiswahili tunasema amefariki, ametutoka, tumempoteza, hatunaye. Yule mama aliweka mkono kifuani, akaingia jikoni, akanipa sufuria ya supu ya njegere, nzito kama uji.

Nilimkalisha mume wangu kitandani nikamlisha kwa kijiko. Alikunywa.

"Nilidhani tukifika," alisema.

"Tukifika nini?"

"Sijui. Nilidhani itakuwa tumeondoka."

Nikampa kijiko kingine. Nje mtoto wa jirani alikuwa anagonga mpira ukutani. Mume wangu alisikiliza mpira ule muda mrefu, kisha akaniita. Hakusema Mwalimu. Aliniita mama wa binti yetu, kwa jina la binti yetu, kama zamani.

"Abee," nikaitika.

Ndipo akalia. Mimi niliendelea kushika bakuli ili supu isimwagike. Nilitamani kulia naye, nilijaribu hasa, nikakunja uso kama wanavyokunja wanaolia, lakini hapakutoka kitu. Nikamfuta kwa kitambaa cha mkononi. Baadaye tulizungumza juu ya mtoto mpaka supu ikapoa. Kwamba angezipenda ngazi zile za umeme za uwanja wa ndege, na angepanda na kushuka mpaka afukuzwe. Kwamba asingekula jibini ya kule. Kwamba alikuwa na kiburi, na kiburi kile alikitoa kwa akina baba yake. Mume wangu alikataa, akasema ni cha Mgeta.

Siku zilizobaki alitoka kidogo. Hatukwenda Amsterdam isipokuwa kupita tukielekea uwanja wa ndege. Tulizunguka mji ule mdogo, tukanunua kadi za posta ambazo hatukumtumia mtu, tukakaa kanisani kwa sababu mlikuwa na joto. Mwenye nyumba alitusindikiza mpaka kituo cha basi, na mume wangu akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshika mkono wa mkwewe.

Nyumbani waliokuja kutusalimia walitaka kusikia habari za Ulaya. Mume wangu aliwaambia kuna baridi na watu wake ni wema. Hakusimulia habari za bei. Jumamosi ya kwanza alilala mpaka jua likawa kali, akaamka akafyeka majani ya uani. Pikapu hatukununua mwaka ule wala uliofuata.

Niliipeleka filamu kusafishwa kwenye studio moja mjini, karibu na soko. Nilipokwenda kuchukua picha, mwenye studio alikuwa amezitandaza kwenye kaunta. Nyingi zilipigwa siku ile ya kwanza kule kwenye tuta. Ardhi tupu, mfereji, anga, na katika mbili tatu mwanamke aliyevaa koti kubwa, ambaye nilichelewa kidogo kumtambua.

"Mwalimu, hapa ni wapi?" aliniuliza. "Bonde la Kilombero?"

"Uholanzi."

Aliichukua moja, akaisogeza kwenye mwanga. "Mbona hamna kitu?"

"Ndivyo palivyo."

Akazikusanya, akaziweka kwenye bahasha, akanipa. Nilipita sokoni nikanunua dagaa na nyanya, nikaenda nyumbani. Baada ya kula tulizitazama pamoja, mume wangu akizipokea kwangu moja moja na kuzigeuza nyuma, kama kwamba kuna maandishi. Kisha akauliza kama chai bado ipo, nikaenda kuipasha moto.